Spika na sabufa zisizo na waya vyumba vitatu: mbona sauti hazitembei pamoja?

#1 Mama_Kireka
Habari zenu wadau. Nyumba yangu iko Kireka, karibu na Kampala: matofali ya kuchoma, plasta ndani na nje, mabati juu, siling bodi chini yake. Sebuleni nina saundiba (spika ndefu ya kuweka chini ya televisheni) na sabufa yake (spika ya besi) isiyo na waya. Jikoni kuna spika ndogo ya bluetuthi, chumbani ipo nyingine kubwa kidogo. Ninachotaka ni kimoja: nikifungua redio asubuhi au mziki Jumapili, usikike nyumba nzima bila kubeba simu huku na huku.

Simu yangu inaweza kupeleka sauti kwenye vifaa viwili kwa wakati mmoja, kwa hiyo sebuleni na jikoni vinapiga. Ya chumbani inakataa kuingia. Na hizo mbili haziendi pamoja. Ukisimama koridoni unamsikia msomaji wa habari akisema neno sebuleni, halafu jikoni analisema tena.

La pili ni sabufa. Nikikaa kwenye kochi besi siisikii kabisa, lakini chumbani, nyuma ya ukuta uleule, vioo vya kabati vinatetemeka. Mume wangu anasema ni ruta. Fundi aliyetuuzia anasema ni ukuta. Nianze kubadili nini?

#2 Kijana_Ntinda
Mumeo kasema kweli dada. Ni ruta. Sisi huku kwenye flati kila jirani ana ruta yake na zote zimejazana kwenye masafa ya gigahezi 2.4. Ingia kwenye mipangilio, weka chaneli 1, 6 au 11, chagua ile ambayo majirani hawaitumii sana. Hizo tatu ndizo haziingiliani. Kwangu mziki ulikuwa unakatika kila saa, nilivyobadili chaneli ukatulia.

#3 FundiBombo
Kijana, taratibu. Kwako mziki ulikuwa *unakatika*. Kwa mama hapa mziki *unachelewa*. Hayo ni magonjwa mawili tofauti. Na bluetuthi haipiti kwenye ruta hata kidogo, inatoka kwenye simu moja kwa moja hadi kwenye spika. Inakutana na ruta hewani tu, kwa vile zote zinatumia gigahezi 2.4. Hapo ruta inaweza kuifanya ikatekate, ila haiwezi kuifanya spika moja isome habari nyuma ya mwenzake siku nzima bila kubadilika.

Mama, nijibu matatu: saundiba ina waifai? Spika mbili ndogo ni za kampuni moja? Na huo mwangwi unabaki vilevile, au unazidi kadiri mziki unavyoendelea?

#4 Mama_Kireka
Asante fundi. Saundiba ina waifai ila hatujawahi kuiunganisha. Spika ndogo ni za kampuni tofauti. Mwangwi unabaki vilevile tangu mwanzo hadi mwisho.

#5 FundiBombo
Basi mimi naiweka kwenye spika zenyewe. Bluetuthi ya kawaida huibana sauti iwe ndogo, huituma, spika huifungua na kuiweka kwenye akiba kidogo kabla ya kuipiga. Kazi hiyo yote hula kati ya milisekunde 100 na 300 hivi (milisekunde 1000 ni sekunde moja), na kila kampuni ina akiba yake. Saundiba ikitumia 150 na ya jikoni 250, hapo kuna milisekunde 100 za tofauti, na hazitakwisha maana hakuna anayezisawazisha. Simu inatuma tu, haijui nani kachelewa.

#6 MwalimuFizikia
Naongeza kwa hesabu, kwa sababu fundi wa mama aliyesema "ukuta" naye hajakosea moja kwa moja. Sauti hewani huenda kama mita 343 kwa sekunde. Kila mita ni karibu milisekunde 3. Spika iliyo mita 10 kutoka kwako inakufikia karibu milisekunde 29 baada ya kupiga, hata kama zote zimepiga kwa nukta moja. Kwa hiyo ndani ya nyumba yoyote kuna kuchelewa kidogo ambako hakuna kifaa kitakachokuondoa.

Bahati nzuri sikio letu linasamehe. Mjerumani Helmut Haas alilichunguza jambo hili katika tasnifu yake ya 1949: sauti mbili zinazofanana zikifuatana kwa muda mfupi, chini ya milisekunde 30 au 40 hivi, ubongo unazisikia kama moja. Zikizidi hapo ndipo unasikia watu wawili wanaongea. Koridoni kwa mama tofauti ya umbali haiwezi kuwa zaidi ya mita tatu nne. Hiyo ni milisekunde 10 hivi, sikio halishtuki. Lakini ongeza ukuta mtupu, sakafu ya taili, na dirisha lisilo na pazia: sauti inagonga na kurudi, na mwangwi mdogo unakuzwa. Pazia nzito na zulia vitasaidia kidogo.

#7 AruaHill
Zulia haliwezi kurekebisha milisekunde 100 Mwalimu! Mama anunue spika mpya zenye bluetuthi toleo la 5, hizo zinaungana hata kumi. Binamu yangu anazo, harusini alizipanga uwanja mzima.

#8 BintiKisenyi
@AruaHill toleo la 5 peke yake halileti hilo. Kinachoruhusu simu moja kurusha kwa spika nyingi bila hesabu ni Auracast, na hiyo imejengwa juu ya bluetuthi mpya ya LE Audio iliyoanza na toleo la 5.2. Simu au kifaa kinachorusha lazima kiwe nayo, spika pia. Wengi hapa mjini wanasoma "5.0" au "5.3" kwenye boksi wanadhani wameipata, kumbe LE Audio ni hiari ya mtengenezaji.

Spika za binamu yako zilikuwa za kampuni moja, sivyo? Hiyo ni njia ya kampuni yenyewe. Hata ndani ya kampuni moja kuna mitego: JBL wana za Connect+, wana za PartyBoost, sasa wana za Auracast, na vizazi hivyo haviongei kimoja na kingine. Mtu ananunua ya pili mwaka unaofuata akidhani atapanga jozi, anajikuta na spika mbili zisizojuana. Kabla hujalipa, muulize muuzaji aziunganishe mbele yako pale dukani. Akikataa, nenda duka la jirani.

#9 HajiBesi
Salaam. Nasoma huu uzi nasikitika, watu wazima mnahangaika na hewa. Mimi nimefunga spika misikitini, shuleni na kwenye hoteli kuanzia Jinja hadi Mbale. Dawa ni waya. Ampli (kikuza sauti) moja, tena ile ya laini ya volti 100, waya mmoja unazunguka nyumba nzima, kila chumba spika ya siling yenye transfoma ndogo. Unachagua wati 3 jikoni, wati 6 sebuleni, wati 10 barazani. Kila moja ina kitasa chake ukutani. Hakuna simu, hakuna kuoanisha, hakuna kuchelewa. Umeme ukirudi zinapiga zenyewe.

#10 Kijana_Ntinda
Haji na chumbani kwa mama tumuwekee pembe ya adhana kabisa

#11 HajiBesi
Pembe ni ya nje, kijana. Ndani ni spika za duara za siling. Ukija Jinja nikuonyeshe, utatoka umenyamaza.

#12 BintiKisenyi
Haji tunakuheshimu, ila kwa mziki spika za laini ya volti 100 besi zake ni haba. Transfoma zile ndogo zinakata sauti za chini. Kwa tangazo la shule sawa. Kwa mtu anayetaka rumba la Kikongo na gitaa la besi lisikike likitembea, hapana.

#13 HajiBesi
Kweli kwa zile za bei ya chini. Ndiyo maana nasema sebuleni abaki na saundiba na sabufa yake, vyumba vingine viwe vya waya. Au aache laini ya 100 achukue ampli ya kawaida, spika za ohmu 8, waya wa milimita 1.5 za mraba. Kwa mita 10 upotevu ni mdogo sana.

Ila angalieni waya. Huku mitaani umejaa waya wa alumini uliopakwa rangi ya shaba. Chukua wembe, kwangua uzi mmoja: ukiona weupe ndani, mrudishie mwenyewe. Na shaba halisi ni laini, ukiikunja mara nyingi inavumilia. Ule mwingine unakatika mikononi.

#14 MwalimuFizikia
Turudi kwenye sabufa, maana hapo naona hakuna aliyemjibu mama na ndiyo sehemu ninayoipenda. Sauti ya hezi 40 (mitetemo 40 kwa sekunde) ina urefu wa wimbi wa mita 8 na nusu. Vyumba vyetu ni vidogo kuliko wimbi lenyewe. Kwa hiyo besi haisambai chumbani kama sauti ya mtu. Inagonga ukuta wa mbele na wa nyuma, inajikunja, na mahali pengine inajijaza, pengine inajifuta. Chumba cha mita 5 kinajikusanyia besi karibu na hezi 34. Upande wa mita 4 ni hezi 43. Kwa besi hizo, katikati ya chumba ndiko besi inakofutika, na kwenye kuta na kona ndiko inakojaa.

Mama, kochi lako liko katikati ya sebule?

#15 Mama_Kireka
Liko katikati ndiyo. Sabufa iko kwenye kona, karibu na ukuta wa chumbani.

#16 MwalimuFizikia
Basi kona inaikuza, ukuta unaipeleka chumbani, na wewe umekaa pale inapojifuta. Fanya hivi: iweke sabufa juu ya kochi, mahali unapokaa wewe. Piga wimbo wenye besi ya kutembea, ile inayopanda na kushuka. Kisha tembea kuzunguka chumba ukiwa umeinama, kichwa chini karibu na sakafu, usikilize. Mahali besi inaposikika sawasawa, noti zote kwa kiasi kimoja, hapo ndipo pa kuiweka. Sabufa isiyo na waya inafaa sana kwa hili kwani unahitaji soketi tu.

#17 MtotoWaJinja
Mimi sikubali. Tatizo ni umeme. Kwetu jioni volti zinashuka mpaka taa zinakuwa za njano, na sabufa ndiyo inayokula nguvu kuliko zote. Ikikosa nguvu besi inapotea, sauti nyembamba zinabaki. Asubuhi umeme ukiwa umejaa besi inarudi. Weka stabilaiza uone.

#18 FundiBombo
Inategemea ndani kuna nini. Saundiba nyingi za sasa zina pawa saplai ya kisasa inayopokea volti 100 hadi 240, haijali ikishuka kidogo. Ampli kubwa za zamani zenye transfoma ya chuma ndizo zinazolegea volti zikishuka. Tena kama ni umeme, mbona vioo vya chumbani vinatetemeka? Besi ipo, imekwenda kwingine.

Umeme unaharibu kitu kingine. Ukikatika na kurudi, sabufa na saundiba huamka kwa nyakati tofauti, wakati mwingine hazishikani tena. Taa ya nyuma ya sabufa inawaka-zima haitulii. Kuna kitufe kidogo pale nyuma karibu na waya wa pawa. Kishikilie sekunde chache mpaka taa itulie, kisha uwashe saundiba. Na wanaotumia inveta za bei rahisi, ile ngurumo ya *mmmm* mnayoisikia ni mawimbi yake kutokuwa laini. Hiyo spika haina kosa.

#19 MtotoWaJinja
Kwangu ni ampli ya zamani, nakubali inatofautiana. Lakini mama apime volti jioni, asikatae kabla ya kupima.

#20 BintiKisenyi
Kuna la tatu. Kama sabufa ina swichi ya fezi ya 0 na 180 nyuma, igeuze wakati mtu mwingine amekaa kwenye kochi. Sabufa na saundiba zikisukuma hewa kinyume, besi inakufa palepale zinapokutana, hasa karibu na hezi 80 hadi 120 ambako zinapokezana. Ni kazi ya sekunde moja na haigharimu shilingi.

#21 Mama_Kireka
Asanteni sana. Swichi hiyo yangu haina. Nimeijaribu njia ya Mwalimu, watoto wamecheka sana kuniona nainama, lakini pembeni ya kabati la televisheni, karibu theluthi ya ukuta, besi imekuja kwenye kochi. Chumbani vioo vimetulia. Sasa fito za dirisha za sebuleni ndizo zinapiga kelele kwenye noti moja tu, *drrrr*, halafu kimya. Na jioni nimesikia besi imepungua tena kidogo, ingawa ni nafuu. Sijui ni volti au masikio.

#22 MtotoWaJinja
Volti! Nilisema.

#23 MwalimuFizikia
Au jioni watu wamejaa sebuleni, madirisha yamefunguliwa na barabara ina kelele. Besi ndiyo ya kwanza kuzama kwenye ngurumo za magari. Pima volti kama alivyosema, kisha sikiliza saa tano usiku kukiwa kimya. Fito za dirisha: kata vipande vya mpira wa tairi la baiskeli, sukumia pale chuma kinapogusana na fremu.

#24 MdauMakerere
Nimechelewa kufika. Kwa habari ya kwanza, ya vyumba kwenda pamoja, bluetuthi iacheni. Njia inayotunza muda ni waifai. Kila spika inapokea sauti yenye muhuri wa saa, zote zinasawazisha saa zao, na zinapiga kwa nukta moja. AirPlay 2 ya Apple inafanya hivyo tangu 2018, Google Cast ina makundi ya spika, kampuni ya spika ya Sonos ndio kazi yao tangu waanze. Saundiba ya mama kama ina mojawapo, nusu ya safari imekwisha.

Asiye na bajeti, kuna programu ya bure inaitwa Snapcast. Unaweka seva (programu kuu inayogawa sauti) kwenye kompyuta ya zamani au Raspberry Pi (kompyuta ndogo sana), kila chumba unaweka Raspberry Pi ndogo yenye tundu la sauti, unachomeka spika yoyote uliyo nayo. Tofauti kati ya vyumba inabaki chini ya milisekunde 1. Ukiiacha kama ilivyo inaweka akiba ya sekunde nzima kabla ya kupiga, kwa hiyo kwa mziki na redio ni safi, kwa televisheni hapana: mdomo utatangulia sauti.

#25 Kijana_Ntinda
Na vile vidude vya Chromecast Audio, vya kuipa spika ya kawaida waifai? Nimeviona used mjini.

#26 MdauMakerere
Ni vizuri, vinatoa sauti safi. Ila Google walisitisha utengenezaji Januari 2019. Na Machi 2025 viligoma duniani kote kwa sababu cheti cha usalama kilichomo ndani kilikwisha muda. Google wakatuma marekebisho. Ukinunua used, hakikisha kinaingia kwenye waifai mbele yako.

#27 HajiBesi
Mnaona? Waya wangu hauna cheti cha kwisha muda.

#28 MdauMakerere
Haji hapo umenibana, nakubali. Hata Sonos walipobadili programu ya simu Mei 2024 watu walipoteza vitu walivyozoea, kelele zikawa nyingi mpaka mkurugenzi mkuu akaondoka Januari 2025. Vifaa vya namna hii mmiliki wake halisi ni programu. Ndiyo sababu naipenda Snapcast: ipo kwenye kompyuta yako mwenyewe.

#29 DerevaMalaba
Swali la mwananchi wa kawaida: hiyo waifai ya vyumba vitatu si itamaliza bando? Mimi nanunua la wiki.

#30 MdauMakerere
Mziki ulio kwenye simu au flashi hauli bando hata shilingi. Unazunguka ndani ya nyumba kupitia ruta tu, hata data ikiwa imekwisha, mradi mfumo wako hautaki intaneti ili kuwaka. Redio ya intaneti ya kilobiti 128 kwa sekunde inakula kama megabaiti 58 kwa saa. Kwa Snapcast ni seva peke yake inayovuta kutoka nje, kisha inagawa ndani. Vyumba vitatu haviizidishi mara tatu.

Jambo jingine ambalo linawasumbua wengi: simu haioni spika kabisa ingawa zote ziko waifai moja. Angalieni kama spika iko kwenye mtandao wa wageni, au ruta imewashwa kile kipengele cha kutenga vifaa visionane. Kizimeni. Na spika nyingi ndogo hazijui gigahezi 5, zinataka 2.4. Ya 5 haipiti vizuri kwenye matofali yetu hata hivyo.

#31 FundiBombo
Hapo Mdau nipo nawe kwa nadharia, ila kwa nyumba ya mama ruta iko wapi? Kama iko sebuleni nyuma ya televisheni, imefunikwa na kabati, jikoni hupati kitu cha maana. Ipandishe juu, katikati ya koridoni. Nimeona nyumba mtu kanunua spika za gharama, ruta kaifungia kwenye droo.

#32 MpangajiNdeeba
Ndugu zangu, na majirani je? Mimi nakaa kwenye mizigo (vyumba vya kupanga vilivyoshikana), ukuta mmoja kati yangu na mwenzangu, juu mabati yanaendelea bila kizuizi. Sabufa yake nikilala naisikia kifuani. Kanuni za kelele za Uganda za 2003 ziliweka nyumba za makazi desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku ulihesabiwa kuanzia saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi. Nani anazifuata?

#33 MwalimuFizikia
Pole sana ndugu. Besi ndiyo inayopenya kuliko zote, ukuta wa tofali moja unazuia maneno lakini si hezi 40. Mwombe aiondoe sabufa kwenye kona ya ukuta wenu na aiinue kutoka sakafuni, aiweke juu ya sponji nzito. Saundiba nyingi zina hali ya usiku kwenye remoti, inashusha besi bila kuua maneno. Mwambie kwa heshima mchana, usimgongee usiku wakati ana wageni.

#34 MjenziMukono
Samahani kwa kuingilia. Mimi najenga Mukono, kuta zimefika kwenye linta, plasta bado. Baada ya kusoma haya yote: niweke nyaya au niache, kwa kuwa waifai ipo?

#35 HajiBesi
Weka! Bomba la plastiki la milimita 25 kutoka pale ampli itakapokaa hadi kila chumba, na uzi wa kuvutia ndani yake. Hata usipopitisha waya leo, njia ipo.

#36 MdauMakerere
Naungana na Haji kwa mara ya kwanza. Ila pamoja na waya wa spika pitisha na waya wa mtandao, ili kila chumba uweze kuchomeka kifaa kwenye ruta kwa waya bila kutegemea hewa.

#37 FundiBombo
Na soketi mbili kila kona ya sebule, sabufa "isiyo na waya" bado inataka umeme. Bomba la spika lisiende sambamba na la umeme. Acha nafasi kati yake, na yakikutana yapishane kwa msalaba.

#38 HajiBesi
Kwa nyaya za spika hilo halina shida kubwa, nimepitisha sambamba mara nyingi bila ngurumo. Lakini kwa waya mwembamba wa kuingiza sauti kwenye ampli, fundi yuko sahihi.

#39 FundiBombo
Haji, umeme na spika ndani ya njia moja ni hatari hata kama hakuna ngurumo. Waya mmoja ukichubuka, mtoto anagusa spika.

#40 MjenziMukono
Nimeelewa, yatakuwa mabomba mawili. Fundi wa plasta anaanza Jumatatu. Kesho napiga picha za kuta zote na kuziweka hapa pamoja na vipimo vya sebule, Mwalimu aniambie soketi ya sabufa ikae theluthi ya ukuta upi.